Cha Mlevi Huliwa na Mgema: Nani Afaidiye Mitandao ya Kijamii?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba cha mlevi huliwa na mgema. Hata hivyo, mgema wa kale alikuwa na uungwana wake: alitaja bei ya tembo, mnywaji akalipa, wakaachana. Mgema wa karne hii ni wa aina nyingine. Yeye hugawa kinywaji bila malipo, kisha humuuza mnywaji mwenyewe. Mgema huyo ni mwenye mtandao wa kijamii.

Facebook ilianzishwa mwaka wa 2004 na kujiunga nayo hakuna ada. Lakini mwaka wa 2023 Meta, kampuni inayoimiliki, ilipata takriban dola bilioni 134, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitokana na matangazo ya biashara. Watangazaji hao huuziwa nini? Huuziwa macho yetu. Kampuni huchunguza tunachokipenda, tulipo na tunaowafuata, kisha huinadi nafasi iliyo mbele ya macho hayo. Kadiri tunavyokawia mtandaoni, ndivyo faida inavyozidi. Ndiyo maana mitandao hii imeundwa ili tusibanduke.

Natuutazame mfano wa karibu. Mchuuzi wa omena wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, au wa Sori, kaunti ya Migori, huiweka picha ya bidhaa yake mtandaoni ili wateja wa Kisumu na Nairobi waione. Kwanza, amelipia bando. Pili, picha yake huwavuta watazamaji ambao huonyeshwa matangazo ya watu wengine. Tatu, akitaka ionwe na wengi zaidi, hutakiwa ailipie. Malipo matatu kwa huduma iitwayo ya bure! Mvuvi wa Muhuru hununua wavu na taa kabla ya kuvua. Samaki wa mtandaoni hujileta wenyewe, tena nauli wamejilipia.

Wapo watakaosema kwamba mtandao umempa mchuuzi huyo soko asilokuwa nalo, na kwamba vijana sasa hupata riziki humo. Hoja hii ina uzito. Mnamo Machi 2024 ilitangazwa kwamba Meta ingewawezesha Wakenya waliotimiza masharti kulipwa kwa kazi wanazochapisha. Hata serikali ilikwisha kuliona pato hilo: Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ililiwekea kodi ya asilimia 5. Hata hivyo, masharti hutungwa na kampuni na hubadilishwa nayo. WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka wa 2014, iliondoa ada yake ya dola moja kwa mwaka mnamo 2016. Mwaka wa 2025 ikatangaza kuingiza matangazo. Bure ya jana si ahadi ya kesho.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunahusika vipi? Mwaka wa 2009 Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili kutokana na juhudi za wasomi wa lugha hii. Hiyo ilikuwa fahari kwetu, lakini pia ilimfungulia mgema mlango mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujulishwa jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, na haki ya kukataa zisitumiwe kumtafutia biashara. Haki isiyoeleweka na mwenyewe ina faida gani?

Hatuna budi basi, hususan wenzetu wa Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kuyafafanua mambo haya kwa Kiswahili sanifu, kwa Kijaluo na kwa Kikuria, hadi sokoni na ufuoni. Hatumwambii mchuuzi aufunge ukurasa wake. Twataka ajue bei ya anachokinywa, ili akiamua kunywa, anywe akiwa na akili zake.