Klabu za Wanawake Zilijengwa na Nani?

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliandika insha juu ya Maendeleo ya Wanawake, nikapewa alama nzuri. Nilitaja mwaka wa kuanzishwa kwa chama, yaani 1952, na wenyeviti kwa majina yao. Leo, msomaji, naionea haya insha ile, kwa kuwa hamkuwamo ndani yake mwanachama hata mmoja.

Wako watu wasemao kwamba klabu hizi zilikuwa zawadi ya mabibi wa Kizungu. Ni kweli kwamba mabibi hao, pamoja na idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, ndio walioanzisha chama na kukiongoza hapo mwanzo. Lakini ni zawadi gani hiyo? Oktoba mwaka ule ule ilitangazwa Hali ya Hatari, na tangu 1954 watu wa nchi ya Wakikuyu walihamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Mahandaki hayo walichimba wanawake, bila ujira. Mahali pengine mwanamke aliyejiunga na klabu alisamehewa kazi hiyo. Maana serikali ilitaka kuwatenga wanawake na Mau Mau, na somo la kushona lilikuwa sehemu ya vita.

Wako na wengine wasemao kwamba, kwa sababu hiyo, wanawake wale walikuwa vibaraka. Maneno haya yanichukiza kuliko yale ya kwanza. Wewe ungefanya nini, mtoto mgongoni, mume kizuizini, jembe mkononi tangu alfajiri? Mama aliyekwenda klabu ili apumzishe mgongo, na watoto wapate maziwa yaliyogawiwa huko, hakuuza nchi ya mtu.

Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama. Hilo ni jambo kubwa, nalo huandikwa vitabuni. Lisiloandikwa sana ni mabati. Baada ya uhuru, katika uliokuwa Mkoa wa Kati, wanawake walikusanyika katika vikundi, vingine vya chama na vingine visivyokuwa vyake. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, lakini fedha hawakugawana. Ziliwekwa pamoja mpaka zikatosha kuezeka nyumba ya mmoja wao, kisha zamu ikamwendea mwingine, na mwingine, hata wote wakapata. Usidhani bati lilitakiwa kwa fahari tu (ingawa fahari ilikuwapo, nami siilaumu). Paa la nyasi huvuja na kuoza, na nyasi zilikuwa haba kwa kuwa ardhi ilikwisha kulimwa. Tena maji ya mvua yashukayo juu ya bati hukingwa katika pipa au tangi, na mama huyo hupunguziwa safari za mtoni. Yule wa mwisho katika zamu alilima miezi mingi kwa ajili ya nyumba za wenzake, akiamini tu kwamba hawatamtoroka. Nionyeshe benki yenye dhamana kama hiyo!

Na wenye nguvu wakiona watu wanaoaminiana namna hii, hutamani kuwashika. Mwaka 1987 chama kiliunganishwa na KANU, chama pekee cha siasa kilichoruhusiwa wakati ule, kikakaa chini yake mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1991. Wenye kutetea jambo lile husema kilipata nguvu. Nguvu ya nani? Mkoloni aliwatumia wanawake awashinde wapiganaji, na chama tawala kikawatumia kipate kura. Sioni tofauti kubwa.

Yamkini mwalimu wako wa historia atakuagiza insha kama ile yangu. Ukiwa na bibi aliyekuwa katika vikundi vya mabati, au jirani wa umri wake, usimwulize mwenyekiti alikuwa nani. Mwulize ni nyumba ya nani iliyoezekwa kwanza, kwa nini ilikuwa hiyo, na nani aliyekuwa akitunza fedha.