Kweleakwelea wa kuuza: uliza kwanza wamekufaje

Leo siongelei picha wala bei. Nina neno na nyie mnaoposti kweleakwelea wa kukaanga kwenye status, hasa huku kwetu Katesh, Basotu, Haydom na Dongobesh.

Hasara ya hawa ndege tunaijua. Mmoja ana uzito wa kama gramu 20 tu, lakini kwa siku anakula karibu gramu 10 za nafaka. Piga hesabu ya dukani: ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Na kundi la milioni kwao ni la kawaida. Mahindi wanayaacha, punje ni kubwa mno. Mtama, uwele, ngano na mpunga ndio chakula chao. (Vitunguu saumu hawagusi, ndio maana sisi tunaouza saumu ya Mbulu tunapumua kidogo.) Mkulima anaamia ndege tangu alfajiri na bado anavuna mabua. Akiomba dawa ije, simlaumu hata kidogo.

Shida yangu inaanza baada ya dawa.

Wanaosimamia kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Ndege ya kuruka (sio hawa wa manyoya) inapita jioni, wakati kweleakwelea wameshatua kulala kwenye miiba au matete. Dawa inayotumika sana ni fenthioni. Inaharibu mfumo wa fahamu, na sio wa kweleakwelea peke yao. Mwewe au mbwa akila mizoga naye anaweza kufa. Asubuhi chini kumejaa ndege, na hapo ndipo mtu anakuja na kiroba. Bure kabisa! Akishawanyonyoa na kuwatia kwenye mafuta, huwezi kumtofautisha aliyenaswa na nyavu na aliyekufa kwa dawa. Moto sio sabuni jamani, usitegemee kwamba kukaanga kunaondoa sumu.

Wapo watakaosema, mbona tunakula miaka yote na hatujafa? Majirani zetu wa Kondoa wanawatega na kuwala tangu zamani, kweli. Ila hao wanawatega. Nyama yenyewe haina tatizo, na mimi aliyenaswa nakula. Halafu wewe ukila wawili nyumbani, hayo ni yako. Ukiuza mtandaoni, mzigo unapanda basi kwenda Babati au Arusha, na humjui atakayekula. Inaweza kuwa mtoto anayemaliza sahani nzima. Akianza kutokwa mate na jasho, kutapika na kuhema kwa shida, mama yake atakumbuka namba aliyotumia hela.

Kwa hiyo msambazaji akikuletea, mbane maswali. Amewanasa wapi, usiku gani, kwa nyavu zipi? Kama anakaa karibu, nenda ukaone akitega. Kisha mpigie afisa ugani au mtendaji wa kijiji hicho, uliza kama siku za karibuni kumepuliziwa. Usiridhike na "eneo lao lilikuwa mbali", maana ndege aliyepata dawa anaweza kuruka akaenda kufia kwingine. Na anayeleta viroba vitano asubuhi moja wakati jana hakuwa na hata wavu, mwache aende navyo.

Mteja naye mwambie kwenye tangazo lenyewe: wamenaswa kwa nyavu, kijiji fulani, tarehe fulani. Kama huwezi kuandika hayo matatu, usiposti. Kuna anayeuza nusu bei yako, najua, na wiki hiyo wateja watakukimbia. Uza karanga, uza alizeti, msimu wa ndege wenyewe ni mfupi.