Redio Majini Isiwe Pambo

Wananchi wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine hawana haja ya kukumbushwa hatari za Ziwa Victoria. Mei 21, 1996, meli ya M.V. Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu wakapoteza maisha. Septemba 20, 2018, kivuko cha M.V. Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Redio haizuii chombo kujazwa kupita kiasi. Hiyo ni kazi ya sheria na nidhamu. Lakini ajali ikitokea, redio ndiyo huita msaada. Simu ya mkononi humfikia mtu mmoja, tena pale tu penye mtandao. Redio husikiwa na kila chombo kilicho karibu.

Kwa hiyo tunasema kwamba kila mashua ya abiria, kuanzia zile za hapa Igogo, iwe na redio, tena redio iliyofungwa sawasawa.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ni kununua redio ya CB ya megahezi 27, ile ya magari, na kuiongezea amplifaya. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa. Amplifaya humsaidia nahodha kusema, haimsaidii kusikia. Humaliza betri upesi na huvuruga mawasiliano ya wengine. Kinachofaa kwanza ni antena nzuri, iliyoinuliwa juu ya mlingoti, kwa kuwa hiyo husaidia kusema na kusikia pia.

Tena, antena ya gari hutegemea bati la gari lenyewe ili ifanye kazi. Mashua ya mbao haina bati. Antena hiyo ikipigiliwa tu ubaoni, nguvu nyingi hurudi redioni badala ya kwenda hewani, na amplifaya yaweza kuungua. Fundi achague antena isiyohitaji bati, kisha aipime kabla ya safari.

La muhimu zaidi, meli hazisikilizi CB. Wito wa hatari majini hutolewa kwa redio ya VHF ya vyombo vya majini, chaneli 16, megahezi 156.8. Mwenye mashua atakayetumia fedha zake kwa amplifaya atakuwa amenunua sauti kubwa isiyo na msikilizaji.

Hapa ndipo wajibu wa Serikali unapoanza. Tunatoa wito kwa TASAC na TCRA kuwafuata wenye mashua mialoni, kuwaelekeza juu ya leseni na kuwafundisha manahodha namna ya kuita msaada. Halmashauri zihakikishe kuwa kila kisiwa chenye abiria kina mtu wa zamu anayesikiliza chaneli hiyo usiku na mchana, na boti iliyo tayari kuondoka.

Mwananchi akitimiza wajibu wake wa kufunga redio, asikose wa kumjibu.