Video ya kitabu teule ilinipitisha, kitabu kikanifungua macho

Wasee, tuambiane ukweli: wengi wetu tulipita fasihi kwa video. Blossoms of the Savannah ilipokuwa kitabu teule cha KCSE, mimi hapa Sigor niliitazama kwa simu ya rafiki, nikaingia mtihani. Kitabu chenyewe nilikisoma baadaye, nikiwa nimeacha chuo.

H.R. Ole Kulet alikitoa 2008. Kwenye video niliyoona, Taiyo akikeketwa unasikia mayowe, pazia linafungwa, basi. Kitabuni unaanza mbali: baba yao, Ole Kaelo, anapoteza kazi Nakuru, anahamia Nasila kufanya biashara, kisha tajiri Oloisudori anamkaba akitaka kumwoa Resian. Yaani unaona shinikizo likija pole pole, kabla ya kisu. Hilo video iliruka, na ndilo msichana wa Bomet anahitaji kulijua mapema. Ukeketaji ni kosa kwa sheria ya 2011, lakini bado kuna wanaoufanya kisiri likizo ndefu ikifika.

Lakini kogo yangu hasomi Kiingereza. Tuliitazama video naye, nikimtafsiria, na usiku huo akatusimulia mambo ya ujana wake ambayo hajawahi kuyataja. Kitabu kisingemfikia.

Kwa hivyo video tazameni pamoja nyumbani, mwongee. Halafu soma. Na ile nakala yako ya zamani usimwuzie mtu wa kufunga mandazi. Mpe dadako.