Kompyuta haifi kwa kalenda

Ukipita Darajani, Unguja, mchana, kwenye maduka ya kompyuta, utaziona zimepangwa bega kwa bega: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Nyingi zimekuja kwa njia ya Dubai, na kabla ya Dubai zilikaa juu ya meza za ofisi za Ulaya na Marekani, ambako kampuni hubadilisha mashine baada ya miaka mitatu minne. Zimepanguswa, zimepigwa window upya, na vibandiko vya ofisi za watu vimebanduliwa vikaacha gundi kidogo kwenye kona ya mfuniko. Mnunuzi alizoea kuuliza mambo matatu: RAM, diski na betri. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 limeongezeka suali la nne, nalo ndilo linaloporomosha bei: inakubali Windows 11? Siku hiyo Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masasisho ya bure ya usalama kama ilivyozoeleka, na mashine iliyoamka nzima ikalala ikiitwa kikongwe.

Ushauri unaosikika sana, tena kutoka kwa watu wanaoijua kompyuta, ni kwamba mashine hizi ziondolewe: ofisi inunue mpya, skuli iombe mpya, mwanafunzi ajikusanye kidogo kidogo mpaka apate mpya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi naona ushauri huo umepokelewa haraka mno. Umri wa kompyuta katika kisiwa hiki usipimwe kwa tarehe iliyopangwa na Microsoft kule Redmond. Upimwe kwa kazi inayofanywa na mashine yenyewe, na kwa suali moja la kifundi: ikiharibika, kuna mtu hapa Unguja anayeweza kuifungua, kuitengeneza na kuifunga?

Tuanze na hiyo tarehe. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na miaka kumi ya matunzo si haba. Kwa hilo Microsoft haidaiwi. Tatizo limo katika masharti ya mrithi wake. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kizazi kilichoanza kuuzwa 2017. EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 ina prosesa ya kizazi cha 6, kwa hiyo inagonga mlango na kurudishwa. Wengi hudhani inarudishwa kwa kukosa chipu. Sivyo: mashine nyingi za kiofisi za zama zile zinayo TPM 2.0. Kinachokosekana ni jina la prosesa kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika, na orodha yenyewe si msahafu. Mwaka 2021, baada ya watu kulalamika, Microsoft iliongeza humo prosesa chache za kizazi cha 7, mojawapo Core i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft yenyewe. Kampuni ilitoa sababu zake za usalama na uthabiti, na si za kubezwa. Lakini mstari unaoweza kusogezwa kwa ajili ya bidhaa ya mwenye mstari umepangwa na watu, kwa hesabu zao za biashara, na sisi tuna haki ya kupiga hesabu zetu.

Hesabu zetu zianzie kwenye kile kinachoua kompyuta hapa kwetu, ambacho si kalenda. Fungua laptopu iliyofanya kazi miaka mitano karibu na pwani. Skrubu za chini zinatoka kwa shida kwa sababu zimeshika kutu. Feni imefungwa kwa vumbi lililogandana na unyevu mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Grisi iliyowekwa juu ya prosesa ili kupeleka joto kwenye bomba la shaba imekauka ikawa unga, ndiyo maana mashine inajizima saa nane mchana. Kwenye pembe ya bodi, pale chumvi ya hewa ilipopata pa kukaa, kuna ukoko wa kijani. Hapo hapo pana tundu la chaja lililolegea, ugonjwa wa kila laptopu inayochomolewa na kuchomekwa kila umeme unapokwenda na kurudi. Yote hayo yanatengenezeka kwa bisibisi, brashi, spiriti na mkono uliotulia. Ukiongeza RAM ifike GB 8 na ukang'oa diski ya zamani inayozunguka ukatia SSD, mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Mashine za kiofisi za wakati ule zinakubali upasuaji huo. Laptopu nyingi nyembamba za leo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua yenye GB 8 utazikwa nayo ikiwa na GB 8. Kwa vipimo vya tangazo hiyo mpya ni bora. Kwa fundi wa Darajani ni sanduku lililofungwa.

Pingamizi la kwanza na zito ni la usalama. Mashine isiyopata masasisho ni nyumba yenye kitasa ambacho wezi wote wana ufunguo wake, na ofisi inayoshika taarifa za watu haina ruhusa ya kucheza na hilo. Nakubali moja kwa moja: kuendelea na Windows 10 isiyosasishwa ndani ya intaneti ni kosa. Lakini tuangalie jinsi khatari inavyofanya kazi. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizishika kompyuta duniani na kuzivuruga hospitali za Uingereza. Wengi wanakumbuka Windows XP, iliyokwishaachwa, kuwa ndiyo iliyobeba lawama. Idadi kubwa kabisa ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa, na dawa yake ilitolewa Machi, miezi miwili kabla. Dawa ilikuwepo, haikunywewa. Sasa chukua hali yetu. Windows nyingi mitaani zimekrakiwa, na anayekrak huzima masasisho makusudi ili mashine isije ikadai leseni. Asiyekrak huyazima ili yasimalize bando. Kwa mashine kama hizo tarehe 14 Oktoba haikubadilisha kitu. Zilikuwa zimeachwa siku nyingi, na mwenye kuziacha ni sisi. Ukizibadilisha ukaweka mpya zenye Windows 11 iliyokrakiwa, masasisho yamezimwa, umenunua kitasa kipya ukaacha mlango wazi. Ipo pia njia ya Microsoft yenyewe ya kuongeza mwaka mmoja wa masasisho, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yao. Watu wa Ulaya wamelegezewa masharti zaidi baada ya watetezi wa walaji kupiga kelele. Sisi hatukupiga.

Pingamizi la pili ni kwamba tutaachwa nyuma, hasa sasa hivi katika zama za akili unde. Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft ilitangaza aina mpya ya kompyuta, Copilot+, zenye RAM isiyopungua GB 16 na chipu maalumu ya kufanyia kazi za akili unde ndani ya mashine. Siku nane kabla ya tangazo hilo, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikawa ya kukokota. Nayaweka mawili haya pamoja kwa sababu yanaonyesha udhaifu wetu uko wapi. Mzanzibari anayetumia ChatGPT kuandika barua au kusahihisha hesabu hahitaji chipu mpya. Kazi inafanyika kwenye mitambo ya mbali, na kompyuta ya 2016 yenye kivinjari kizuri inapata jibu lile lile inalopata ya 2025. Akikosa jibu, tatizo ni waya, bando au umeme. Kisiwa kilichokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kinajua kwamba betri inayobadilishika ina thamani kuliko kitufe cha Copilot. Wahariri wa video na wachoraji wa ramani za majengo wana haki ya kutaka mashine nzito, nao ni wachache. Kwa karani, mwalimu na mwanafunzi, pengo la kweli kati ya mashine ya miaka tisa iliyofufuliwa na mpya ya bei ya chini ni dogo kuliko matangazo yanavyodai. Mara nyingine ile kongwe ndiyo bora, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na mpya ya rahisi ilitengenezwa kwa ajili ya bei.

Basi mashine hizi ziendeshwe na nini? Hapa ndipo nisemapo Linux, na ndipo wasomaji wengine watakapofunua ukurasa. Nawaomba wasubiri kidogo. Linux Mint au Ubuntu ni bure, inapata masasisho ya usalama kwa miaka, haihitaji krak, na haiulizi prosesa yako ni ya kizazi gani. Tena programu huria kama hizi si ngeni katika lugha yetu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft ikatoa ya kwake baadaye. Watu wa Kilinux hawakungoja ruhusa ya mtu: msimbo ulikuwa wazi, wakakaa wakatafsiri menyu moja baada ya nyingine. Kwamba leo ni wachache wanaoikumbuka kazi ile ni habari ya kusikitisha, na inatuonya kuhusu upande wa pili: programu huria isiyo na taasisi ya kuitunza hunyauka.

Onyo hilo linaungwa mkono na Munich. Mji huo wa Ujerumani uliamua mapema miaka ya 2000 kuhamia Linux, ukahamisha maelfu ya kompyuta, kazi ikakamilika 2013, na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Wanaoipinga Linux hupenda kuitaja Munich, na wana haki. Nami naisoma hivi: kuhamisha kila kitu, kila idara, kwa mkupuo, ni kujitafutia balaa. Hoteli inayofanya mahesabu yake kwa QuickBooks ya kwenye mashine, au ofisi yenye printa ambayo mtengenezaji wake ameiandikia Windows tu, isilazimishwe. Karani aliyezoea Word miaka kumi na tano atakuta LibreOffice inampangia jedwali ndivyo sivyo, na hasira yake si ya kuchekwa. Ila huduma nyingi za Serikali na za biashara sasa zinapita kwenye kivinjari, na kivinjari hakijali kiko juu ya Windows au Linux. Chumba cha kompyuta cha skuli, maktaba, meza ya mapokezi: hapo kuhama ni kazi ya siku mbili na mafunzo ya wiki moja.

Lipo pingamizi la tatu, la heshima. Kwa nini sisi tuwe watu wa mitumba? Kwa nini Mzungu apumzishe mashine nasi tuiamkie shikamoo? Swali hili lina uchungu wa haki, na lina ushahidi: ndani ya makontena yaletayo kompyuta nzuri huja pia makopo, mashine zenye bodi zilizokufa na betri zilizovimba, na taka za mji wetu mwisho wake ni jaa la Kibele. Kisiwa hakina pengine pa kutupa. Kwa hiyo sitetei kila kikongwe. Kilichokufa kizuiwe bandarini. Lakini hiyo hiyo hoja ya Kibele inawageukia wanaotaka kubadilisha mashine nzima kwa maelfu, maana za sasa nazo zitakwenda huko huko, zikiwa bado zinapumua. Na heshima haimo katika upya. Uwanja wa Amani ulifunguliwa 1970. Ulipochakaa ukakarabatiwa, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 2023, na hakuna mtu wa Amani aliyeona aibu kwamba ni uwanja ule ule wa zamani.

Kinachokosekana ni masharti ya upande wetu. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu janja kutoa masasisho kwa miaka isiyopungua mitano tangu simu ilipokoma kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi zitatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Zanzibar ni soko dogo, haiwezi kuwaamuru watengenezaji wa Shenzhen. Inaweza, hata hivyo, kuwaamuru wauzaji wake. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ikitaka kila simu na kila laptopu dukani iwe na karatasi inayosema masasisho yake yanaisha mwezi gani na mwaka gani, gharama ni karatasi. Na Serikali ni mnunuzi mkubwa wa kompyuta hapa. Ikiandika kwenye zabuni kwamba RAM, diski na betri sharti zibadilishike kwa bisibisi ya kawaida, wauzaji watazileta.

Wakati hayo yanangojewa, mkuu wa skuli mwenye kompyuta kumi na tano zilizokataliwa na Windows 11 hana haja ya kuniamini. Flashi ya GB 8 inatosha kubeba Linux Mint, na inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ajaribu mashine moja asubuhi moja: Wi-Fi inashika? Printa inachapa? Mitihani iliyoandikwa kwa Word inafunguka bila kuvurugika? Zile zinazofaulu zibaki darasani. Zile zinazofeli, bajeti ya mashine mpya ianzie hapo, ikiwa na namba halisi: tatu, au nne, badala ya kumi na tano.