Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: Kusubiri bila kujua nako kunaumiza

Mheshimiwa Gavana Gideon Mung'aro,

Nakuandikia kwa sababu kaunti yako imepitia misiba miwili mikubwa katika miaka michache, na katika yote miwili watu waliteswa sana na kutojua.

Wa kwanza ni korona. Aprili 8, 2020 Kilifi ilifungwa pamoja na Mombasa na Kwale. Tuliambiwa siku 21. Zilipokaribia kwisha zikaongezwa nyingine, kisha nyingine tena, hadi ruhusa ya kuingia na kutoka Kilifi ilipotangazwa Juni 6. Ndege za kimataifa zilikuwa zimesimama tangu Machi, na Italia, wanakotoka wageni wengi wa Malindi, ilikuwa ikizika watu wake kwa maelfu. Mpishi wa hoteli aliyerudishwa nyumbani bila mshahara hakujua kama amefutwa au amepumzishwa. Mwenye tuktuk hakujua amwambie nini aliyemkopesha. Watu wa Mtwapa waliozoea kwenda kazini Mombasa waliona daraja lao limekuwa mpaka. Mtu huweza kuvumilia dhiki anayoujua mwisho wake. Asiyeujua hukesha, huwafokea watoto, hunyamaza siku nzima, na majirani husema ana jini.

Kisha tukazuiwa kulia pamoja, na naona hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Kwa Mijikenda, hanga ni siku kadhaa za kulala kwa mfiwa, kupika, kuimba na kumtaja marehemu, mpaka mfiwa apate nguvu ya kubaki peke yake. Kwa Waislamu, matanga na khitma hufanya kazi hiyo hiyo. Ghafla maiti akawa anazikwa haraka mbele ya jamaa wachache, huku ndugu wengine wamekwama ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Nakubali kwamba ugonjwa ulilazimisha hivyo. Lakini hanga lilipoondolewa, mahali pake pakabaki patupu.

Moyo usiopata jibu hutafuta wa kumlaumu. Kilifi tunalijua hili kwa uchungu: wazee wetu wanauawa kwa tuhuma za uchawi, na Kaya Godoma kule Ganze inawahifadhi waliookoka. Ndiyo maana siikubali kabisa hoja kwamba afya ya akili ni anasa ya watu wa mjini.

Msiba wa pili ni wa msitu wa Shakahola, 2023, ambako waumini waliaminishwa wafunge hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na familia zikasubiri majibu ya vinasaba. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Hata hivyo palifanyika jambo jema. Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka dawati katika hospitali ya Malindi, ambapo aliyepotelewa na mtu wake aliweza kutoa jina, kusikilizwa na kupewa ushauri nasaha. Dawati kama hilo ndilo tulilolihitaji 2020.

Naomba dawati hilo lisingoje msiba mwingine. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezipa kaunti wajibu wa huduma hizi. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kwa hiyo hofu ya kushtakiwa isimzuie tena mtu kuomba msaada.

Ajiri mshauri nasaha katika kila kaunti ndogo, ukianzia Ganze na Magarini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafunzwe kumwuliza mtu analalaje na ana mzigo gani moyoni, na mzee wa Kigiriama aulizwe kwa Kigiriama. Likizuka janga jingine, wazee wa kaya, maimamu na wachungaji waitwe mapema wakae na madaktari, wakubaliane watu wataombolezaje bila kuambukizana. Na tangazo lolote la kufunga lieleze ni dalili gani zitaangaliwa kabla ya kufungua, ili mwananchi ajue anasubiri nini.

Mheshimiwa, makadirio ya bajeti ya afya yatakapopelekwa tena katika bunge la kaunti, tenga fungu la kazi hii na ulitaje waziwazi. Sisi tutafika kwenye kikao cha maoni ya umma kulitetea.

Wako,
Mkazi wa Malindi