Kutojua Si Aibu, Kutouliza Ndiyo Aibu

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, nyumba zetu hujaa furaha, na kabla furaha hiyo haijatulia huingia swali zito: kijana akasome nini chuoni? Jambo hili tumelishuhudia mara nyingi. Kijana amefaulu vizuri, lakini aulizwapo anataka kazi gani, huinamisha kichwa. Baba husema udaktari, mjomba husema sheria, rafiki husema uhasibu. Naye hufuata kauli ya mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Ndugu wasomaji, sisi twasema kwamba kutojua si kosa. Kijana wa miaka 19 au 20, ambaye hajapata kufanya kazi ofisini, shambani wala maabara, atajuaje kazi itakayomfaa miaka 30 ijayo? Kosa ni kuficha kutojua huko, kisha kuomba kozi kwa kukisia.

Ni kweli kwamba nchini Tanzania uchaguzi huu una mipaka, kwani tahasusi aliyosoma kijana ndiyo huamua kozi anazoweza kudahiliwa. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo mna nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia hakufungiwa katika udaktari peke yake: mbele yake pana famasia, uuguzi, sayansi ya maabara, ualimu, na fani za kilimo na mifugo zifundishwazo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati aweza kuelekea kwenye takwimu, mipango au masuala ya ardhi. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha kila kozi na masomo inayoyataka. Ni wazazi wangapi miongoni mwetu waliopata kuufungua?

Kwa kijana asiye na hakika, rai yetu ni kwamba achague fani pana, yenye ujuzi utumikao mahali pengi, kuliko fani nyembamba yenye jina kubwa na mlango mmoja wa kutokea. Tangu mwaka 2015 tumewaona walimu wengi waliohitimu wakikaa miaka wakisubiri ajira ya serikali. Hatusemi ualimu ni mbaya, la hasha! Twasema kwamba anayeingia katika fani yenye mwajiri mkubwa mmoja aingie kwa kuipenda, si kwa kukosa pengine pa kwenda.

Wako watakaosema kwamba mtoto hajui, mzazi ndiye ajuaye. Hoja hii twaiheshimu, na haki ya mzazi kushauri haina shaka. Lakini si mzazi atakayekaa darasani miaka mitano ya udaktari, wala si mshahara wa mzazi utakaokatwa asilimia 15 kila mwezi kurejesha mkopo wa elimu ya juu.

Wengine husema: tumekwisha kuswali istikhara, yatosha. Nasi twauliza: umemwuliza nani aliyemo katika kazi hiyo? Istikhara haikuja kuondoa mashauriano. Viwili hivyo huenda pamoja.

Kwa hiyo twatoa pendekezo lisilohitaji fedha. Baina ya kumalizika kwa mitihani na kufunguliwa kwa maombi ya vyuo, kila msikiti utenge siku moja. Wauguzi, wahasibu, mafundi, mabwana shamba na wafanyabiashara wanaoswali nasi safu moja wakae na vijana, wa kike na wa kiume, wawaeleze kazi zao bila kuzipamba: taabu yake, kipato chake, na njia waliyoipita kuifikia. Kisha kila kijana amfuate mmoja wao kazini japo kwa wiki moja.

Wiki hiyo moja yaweza kumwokolea miaka mitatu ya majuto. Je, tutangoja hadi matokeo mengine yatangazwe ndipo tuanze kuulizana?